Chumba Nacho Kinapiga Dramu: Historia ya Maiki Zilizosogezwa Mbali

Leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Leo naongelea kitu ambacho umekisikia maelfu ya mara kwenye nyimbo unazozipenda, ila huenda hakuna aliyewahi kukuonyesha kwa kidole. Chumba. Ndiyo, chumba: kuta, dari na sakafu ya mahali ambapo dramu zilipigwa siku wimbo uliporekodiwa.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasaidia kwaya moja, jina kapuni, kurekodi albamu yao. Kanisa lao ni kubwa, paa la bati liko juu sana, sakafu ya saruji. Jumapili kijana wao wa dramu akianza kupiga unahisi kifua kinatetemeka. Basi sisi tukajifanya wajuzi. Tukaazima maiki nane, tukazibandika karibu kabisa na kila ngoma, tukatundika mablanketi na mazulia pande zote ili eti sauti iwe safi. Tulipokuja kusikiliza tulichorekodi, jamani! Zinalia kama makopo ya maziwa. Kila kitu kinasikika vizuri na hakuna kitu kinachokugusa.

Pale palikuwa na mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, alikuja kumwona mjukuu wake akiimba. Muda wote kakaa kimya kwenye benchi. Mwisho nikamfuata.

"Shikamoo mzee. Wewe unaonaje?"

"Marahaba, mwanangu. Ngoma mmezirekodi, ila kanisa mmeliacha nje."

Akachukua maiki moja tu, akatembea nayo hadi karibu na mlango mkubwa wa nyuma, akaisimamisha pale. Akasema, "Toeni hayo mablanketi. Pigeni tena." Tulipochanganya, tukaipandisha ile maiki ya mlangoni taratibu, kidogo kidogo. Wadau, siwezi kuisahau ile siku. Yale makopo yakageuka dramu, na mimi nikiwa nimefumba macho nikaliona kanisa zima, mpaka urefu wa paa.

Tangu hapo nikawa nafuatilia: nani walianza huu mchezo wa kuweka maiki mbali na ngoma? Kumbe ni historia ndefu, imejaa mambo yaliyotokea kwa bahati, na mwisho wake unatugusa na sisi huku. Twende nayo.

Kwanza, maiki ya mbali inafanya nini hasa?

Sauti hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Maiki iliyo sentimita tano kutoka kwenye ngozi ya ngoma inalipata pigo karibu papo hapo, na inachopata ni pigo lenyewe, kavu. Maiki iliyo mita tano inalipata pigo hilohilo baada ya kama milisekunde 15. Likifika limeshapungua nguvu, ila limekuja na kundi la wenzake: sauti zilizogonga sakafu, ukuta na dari zikarudi.

Sikio letu haliwezi kutenganisha sauti zinazofuatana kwa karibu namna hiyo. Linaziunganisha zinakuwa pigo moja lenye unene. Zile zinazochelewa zaidi ndizo sikio linazotumia kupima ukubwa wa mahali. Ndo maana ukipiga makofi bafuni na ukipiga makofi ukumbini, hata ukiwa umefungwa kitambaa machoni, unajua uko wapi.

Kuna msaidizi mmoja ambaye lazima umjue, anaitwa kompresa. Kazi yake ni kubana sauti kubwa. Pigo likija kwa kishindo, kompresa inalishusha. Pigo likishapita, inaachia, na kile kilichobaki hewani, yaani mlio wa chumba, kinapanda juu. Ukiibana sana sauti ya maiki ya mbali, unasikia kama chumba kinavuta pumzi kati ya pigo na pigo. Shika hilo, maana tutalihitaji mbele.

Zamani kila maiki ilikuwa ya mbali

Kabla ya 1925 muziki ulirekodiwa bila umeme. Wanamuziki walijipanga mbele ya baragumu kubwa, na nguvu ya sauti yao ndiyo iliyosukuma sindano ichore kwenye nta. Humo dramu zilikuwa mgeni msumbufu, kwa sababu pigo kubwa lingeweza kuharibu mchoro wote. Wapigaji wengi waliambiwa waache ngoma zao, wagonge vipande vya mbao na matoazi. Ndo maana santuri nyingi za jazz za mwanzoni zinakuwa kama hazina dramu kabisa.

Zilipoingia maiki za umeme mwaka 1925 mambo yakabadilika, lakini maiki zilikuwa chache. Mara nyingi ni moja, katikati ya chumba kikubwa. Mwimbaji anasogea mbele, mwenye ala ya kelele anarudi nyuma. Sasa unadhani mpiga dramu alikaa wapi? Nyuma kabisa. Kwa hiyo kila pigo lake lilivuka chumba kizima kabla ya kufika kwenye maiki. Hakuna aliyesema "hii ni maiki ya chumba", kwa sababu hapakuwa na ya aina nyingine.

Siku hizo kampuni iliyotaka sauti nzuri ilitafuta jengo zuri kwanza. Huko New York, kampuni ya Columbia ilichukua kanisa la zamani lililokuwa mtaa wa 30 ikaligeuza studio mwishoni mwa miaka ya 1940. Wanamuziki wenyewe walizoea kuliita "Kanisa". Mwaka 1959 peke yake, ndani ya kuta zile zilirekodiwa albamu mbili ambazo mpaka kesho zinauzwa: Kind of Blue ya Miles Davis na Time Out ya Dave Brubeck.

Hiyo ya pili ndiyo yenye wimbo wa Take Five. Hata kama hulijui jina, nina uhakika umeshausikia kwenye tangazo au hotelini. Katikati yake Joe Morello anaachiwa apige dramu wakati piano inarudia kipande kilekile. Usikilize na spika nzuri. Morello hakimbii. Anapiga, anaacha nafasi, na kwenye ile nafasi unasikia dari refu la kanisa likimjibu. Angepiga vilevile kwenye chumba cha mazulia, zile nafasi zingekuwa tupu.

Miaka ya mazulia

Sasa kwa nini watu walikitupa kitu kizuri namna hiyo?

Sababu ni teknolojia, na sababu ilikuwa na mantiki. Miaka ya 1960 zikaja mashine za kurekodi traki nne, kisha nane, kisha kumi na sita. Kila ala ikapata mstari wake kwenye kanda, na prodyuza akaweza kurekebisha gitaa leo na sauti kesho bila kugusa dramu. Lakini hilo linawezekana tu kama dramu haijavuja kwenye maiki ya gitaa. Chumba chenye mwangwi kikawa adui, maana mwangwi ndiyo njia ya kuvujia.

Mwaka 1966, kwenye studio za EMI mtaa wa Abbey Road mjini London, kijana wa miaka 20 anayeitwa Geoff Emerick alikuwa fundi mitambo wa The Beatles. Studio ilikuwa na kanuni zake kuhusu maiki zikae umbali gani na ngoma. Emerick akaivunja kanuni. Akaisogeza maiki karibu sana na ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, ambayo mafundi wanaiita kiki (si kiki zile za mitandaoni mnazozijua), na ndani yake akasokomeza sweta la sufu ili isivume. Miaka michache baadaye Ringo Starr alikuwa anafunika ngoma zake kwa taulo za jikoni.

Nisieleweke vibaya. Sauti ile ni tamu, na Ringo aliitendea haki. Tatizo ni walioiga. Kuingia miaka ya 1970 studio zilikuwa zinashindana kuua mwangwi: zulia sakafuni, zulia ukutani, mpiga dramu kafungiwa kwenye kijumba chake na maiki imebandikwa kila ngoma. Santuri nyingi za wakati ule zina waimbaji waliojaa uhai, halafu dramu zinalia kama mtu anagonga mlango wa kabati akiwa ndani ya kabati.

Ngazi za Headley Grange

Katikati ya enzi hiyo ya mazulia, majira ya baridi ya 1970 kuingia 1971, bendi ya Led Zeppelin iliondoka studio ikaenda kijijini, Hampshire, kusini mwa Uingereza. Walikodi jumba linaloitwa Headley Grange. Jumba lile lilijengwa mwaka 1795 kwa ajili ya kuhifadhi maskini, wagonjwa na yatima, kwa hiyo usifikirie kasri la kifahari. Ni jumba la zamani, lina baridi, kuta ngumu. Nje wakaegesha lori lenye studio inayotembea, mali ya The Rolling Stones, wakavuta nyaya kupitia dirishani.

Mpiga dramu wao, John Bonham, alikuwa na mkono mzito kuliko wengi wa zama zake. Na alikuwa na lalamiko ambalo kila mpiga dramu analijua: nikikaa nazisikia dramu zangu hivi, nikisikiliza kanda zinalia vile. Yaani ile nguvu aliyoisikia akiwa kwenye kiti ilikuwa inapotelea njiani.

Fundi mitambo alikuwa Andy Johns. Mlangoni mwa jumba palikuwa na ukumbi wenye ngazi zinazopanda ghorofa kwa ghorofa, na katikati yake pamebaki uwazi mpaka juu. Dramu zikapangwa pale chini. Johns hakubandika maiki kila ngoma. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alichukua maiki mbili za Beyerdynamic M160, akapanda nazo ngazi, akazining'iniza juu zikitazama chini. Basi. Hakuna maiki ndani ya kiki, hakuna maiki pembeni ya sneya. Sauti ikapita kwenye kompresa zilizoibana kwelikweli, kisha kwenye kifaa cha Kiitaliano cha kurudisha mwangwi kinachoitwa Binson Echorec.

Wimbo uliotoka pale ni When the Levee Breaks, kwenye albamu yao ya nne iliyotoka tarehe 8 Novemba 1971. Wimbo wenyewe si wao. Ulirekodiwa kwanza mwaka 1929 na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, unahusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927 yaliyofukuza maelfu ya watu kwenye makazi yao. Na hapa ndipo utaona kwamba chumba hakikuwa pambo. Wimbo wa kingo za mto zinazopasuka unahitaji kitu kizito kinachokuja taratibu na ambacho huwezi kukizuia. Bonham anapiga polepole, na kila pigo linapanda ngazi, linagonga dari, linarudi limevimba. Unaweza usielewe neno hata moja la Kiingereza, lakini zile sekunde za mwanzo zenye dramu tupu zinakuambia kwamba kuna maji yanakuja.

Jimmy Page, mpiga gitaa na prodyuza wa bendi, amekuwa akieleza mara nyingi kwamba kanuni hii aliikuta kwa mafundi wa zamani: umbali ndio unaoleta kina. Kwa hiyo Headley Grange hawakugundua kitu kipya. Walikumbuka kitu ambacho wenzao walikuwa wameamua kukisahau.

Maiki ambayo haikuwa ya kurekodia

Kisa cha pili ni bahati tupu. Mwaka 1979, studio ya Townhouse iliyoko Shepherd's Bush, London, Peter Gabriel anarekodi albamu yake ya tatu. Prodyuza ni Steve Lillywhite, fundi mitambo ni Hugh Padgham, na kwenye dramu yupo Phil Collins. Chumba walichotumia kilikuwa na kuta za mawe, kwa hiyo kilikuwa kinalia haswa.

Meza yao ya kuchanganyia sauti ilikuwa mpya, ya kampuni ya SSL, na ilikuwa na maiki moja ya ziada iliyotundikwa darini. Maiki hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kurekodi. Kazi yake ilikuwa fundi asikie wanamuziki wanaongea nini wakiwa chumbani. Ili mtu aliye kona ya mbali na mtu aliye karibu wasikike sawa, iliunganishwa na kompresa kali sana.

Siku moja Padgham akabonyeza kitufe amsikie Collins anasema nini. Wakati huohuo Collins akawa anapiga. Kilichotoka kwenye spika kiliwafanya wote watazamane. Ile kompresa ya kusikilizia maongezi ilikuwa imekivuta chumba kizima cha mawe na kukileta mbele, kikubwa kama pango.

Tatizo likaja moja: maiki ile haikuwa na njia ya kwenda kwenye kanda. Ilibidi fundi afungue mashine na kubadilisha waya ili sauti iweze kurekodiwa. Kisha Padgham akaongeza kitu kingine, geti. Geti la sauti linafanya kazi kama geti la nyumba: pigo likija linafunguka, pigo likiisha linajifunga. Kwa kawaida chumba cha mawe kingeendelea kulia na kufifia polepole. Geti likakikata ghafla. Unapata ukubwa wa ukumbi, halafu paap, kimya. Gabriel akapenda, akamtaka Collins asiguse matoazi kabisa. Wimbo ukaitwa Intruder, ukafungua albamu iliyotoka 1980.

Collins hakuiacha sauti ile ipite hivihivi. Mwaka uliofuata alitoa In the Air Tonight. Zaidi ya dakika tatu unasikia mashine ya mdundo inatembea taratibu, sauti ya kunong'ona, wasiwasi unapanda. Kama kwenye dakika ya tatu na sekunde arobaini, dramu zinaangukia ndani kama kabati limedondoka kutoka ghorofani. Najua na wewe umeshawahi kupiga dramu za hewani hapo. Usikatae.

Baada ya hapo muongo mzima ukashikwa na homa. Karibu kila wimbo wa redioni wa miaka ya 1980 ulikuwa na sneya inayolipuka na kukatika. Zikatengenezwa mashine za kuiga, kama AMS RMX16, ambayo ilikuwa na programu maalumu ya mlio wa namna ile. Ukawa huhitaji chumba cha mawe tena, unabonyeza kitufe. Na kama kawaida ya kitu kikishakuwa cha kitufe, kila mtu akakitumia mpaka masikio yakachoka.

Chumba kinarudi mlangoni

Mwezi Februari 1993 Nirvana, walioshakuwa bendi kubwa kuliko wote, walikwenda studio ya Pachyderm iliyoko Cannon Falls, jimbo la Minnesota, kurekodi In Utero. Fundi wao alikuwa Steve Albini, mtu ambaye hata hakupenda kuitwa prodyuza. Kwake kazi ya fundi ilikuwa moja: bendi isikike ilivyo ikiwa inapiga mbele yako.

Albini hakuchagua kati ya karibu na mbali. Aliweka maiki karibu na kila ngoma, na nyingine nyingi akazitawanya chumbani. Alikuwa na tabia ya kuweka maiki za chumba chini sakafuni, na wakati mwingine kuchelewesha sauti yake kwa milisekunde chache ili chumba kisikike kikubwa kidogo kuliko kilivyo. Wimbo wa Scentless Apprentice unaanza na dramu za Dave Grohl peke yake. Hakuna geti linalokata. Chumba kinaachwa kimalizie sentensi yake.

Ukiviweka visa hivi mfululizo unaona kitu kimoja. Watu hawa hawakuwa na ladha zinazofanana, lakini kila mara mtu alipousogeza mkono wake mbali na ngoma, alikuwa anakataa wazo lilelile: kwamba sauti safi maana yake ni sauti isiyo na mahali.

Na sisi huku tunahusikaje?

Tunahusika kuliko unavyodhani. Mwaka 1986 Beastie Boys walichukua zile dramu za Headley Grange kama zilivyo, wakaziweka chini ya Rhymin & Stealin. Wengi wakafuata. Hip hop ilijengwa kwa vipande kama hivyo, na prodyuza alipokata dramu ya mtu, alikata na chumba chake. Zile ngazi za Hampshire zikawa zinasafiri ndani ya biti, na msikilizaji hana habari.

Leo prodyuza wa Sinza au Umoja, akiwa chumbani kwake na kompyuta moja, akifungua programu ya dramu atakuta kitufe kinachopandisha na kushusha sauti ya chumba. Kile kitufe ni maiki za mbali. Kuna watu walikwenda kwenye studio kubwa, wakapiga kila ngoma mara nyingi, wakarekodi kwa karibu na kwa mbali, wakauza. Akikizungusha, wimbo wake wa mapenzi wa Kiswahili unapigiwa dramu kwenye ukumbi wa ng'ambo ambao hajawahi kuukanyaga. Mimi sina ugomvi na hilo, na wimbo unaweza ukatoka mkali. Ila jiulize kumbi zetu sisi ziko kwenye kitufe gani.

Maana tunazo rekodi zinazotuonyesha thamani ya jambo hili. Bendi za dansi kama Mlimani Park zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zikipiga wote kwa pamoja, na ukisikiliza leo unasikia watu waliokaa sehemu moja wakisikilizana. Nyuma zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Hugh Tracey alipita Uganda na Rwanda akirekodi ngoma za ikulu. Huyu alikuwa na mtindo wake: maiki aliishika mkononi na kutafuta mwenyewe sehemu ya kusimama, maana ngoma ya uwanjani haina kuta za kusaidia, na hatua mbili mbele au nyuma zinabadilisha kila kitu. Ngoma za entenga za Kabaka wa Buganda, seti ya ngoma 15 zinazopigwa na watu sita, zimo kwenye rekodi zake. Mwaka 1966 jeshi lilivamia ikulu ya Lubiri na utaratibu ule wa wapigaji wa ikulu ukavunjika. Rekodi zimebaki.

Majengo nayo hayadumu. Lile Kanisa la mtaa wa 30 lilifungwa kama studio mwaka 1981, likabomolewa, pakajengwa makazi ya watu. Townhouse nayo imefungwa. Kilichobaki cha vyumba vile ni kile ambacho maiki ya mbali ilikibeba.

Nilirudi pale kanisani kwa ile kwaya mwaka jana. Paa la bati limeondolewa, wameweka dari jipya zuri na zulia jekundu mpaka madhabahuni. Pamependeza, na mahubiri yanasikika vizuri kuliko zamani. Yule mzee ametangulia mbele ya haki. Nilipofika nyumbani nikatafuta ile albamu, nikazima traki zote nane za karibu, nikaacha ya mlangoni peke yake. Kijana anapiga dramu, mtu anakohoa, benchi linalia, na bati linajibu kila pigo.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wenye studio. Mkipata nafasi ya kurekodi ngoma halisi, iwe dramu, tumba au msondo, tafuteni maiki moja ya ziada. Iwekeni koridoni, kwenye ngazi, mwisho wa darasa, popote. Simu yako inatosha kwa kuanzia. Ukiona haifai, utaizima, hujapoteza kitu.

Haya, wadau, uwanja ni wenu. Nitajieni ukumbi, kanisa, shule au baa mnayoijua ambayo dramu zikipigwa ndani zinalia kuliko kwingine kote. Wapiga dramu mliomo humu, nanyi mseme: ni wapi umewahi kujisikia kwenye rekodi vile unavyojisikia ukiwa kwenye kiti?